Maswali ya Wasomaji: Mwaka wa Kwanza Kwenye Kiti cha Kulia

Toleo hili tumelitenga kwa barua za marubani wapya wa mashirika ya kikanda: walio mafunzoni, waliokaa kiti cha kulia, yaani cha rubani msaidizi, miezi michache tu, na wanaotoka ndege ndogo kwenda ndege za jeti. Hesabu tumezifanya kwa viwanja vya hapa kwetu Uganda, kwa sababu mifano mingi ya vitabuni huchukulia kwamba uwanja uko usawa wa bahari, na Entebbe iko futi 3,782 juu yake. Pale mwongozo wa kampuni yako unaposema tofauti na sisi, fuata mwongozo.

Nimeitwa kuanza mafunzo ya aina ya ndege mwezi ujao. Simuleta iko nje ya nchi na nimebakiwa na wiki nne nyumbani. Nisome nini kwanza? — Msomaji wa kike, Soroti

Hongera, dada. Wiki nne zinatosha ukizipangilia. Jua kwanza ratiba yenyewe: darasa la mifumo ya ndege na mtihani wake wa kuandika, kisha chombo cha mazoezi kisichotikisika, cha kuzoesha mikono, kisha simuleta kamili, kisha mtihani wa ustadi mbele ya mtahini, kisha mizunguko ya kuruka na kutua kwenye ndege halisi isiyo na abiria, ndipo safari za abiria ukiwa chini ya kapteni mkufunzi. Kipindi kimoja cha simuleta kwa kawaida ni saa nne: mbili unarusha wewe, mbili unamfuatilia mwenzako. Ukifika pale bado unatafuta swichi ilipo, saa zako mbili zitaliwa na jambo lililokuwa la kumalizia nyumbani.

Anza na yale ya kukariri neno kwa neno: hatua za dharura zinazofanywa bila kufungua kitabu, na mipaka ya ndege, yaani mwendo wa juu kwa kila hatua ya flapsi (vibawa vya nyuma ya bawa), mwendo wa juu wa kushusha magurudumu, joto la juu la injini wakati wa kuiwasha, upepo wa kando unaoruhusiwa. Wengi huridhika na kuelewa maana. Hapa maana haitoshi, kwa sababu mwenzako anangoja neno lilelile lililoandikwa ili ajue zamu yake imefika.

Pili, mikono. Chapisha picha ya chumba cha rubani, ukubwa kamili kama unaweza, uibandike ukutani mbele ya kiti. Paneli ya juu iwe juu ya usawa wa macho, vioo vya vipimo mbele yako, na sehemu ya wenzo za injini uilaze kwenye kibao kando ya goti la kushoto, maana utakaa kulia. Kisha pitia maandalizi ya ndege swichi moja baada ya nyingine: kidole kiguse, mdomo utaje jina na hali inayotakiwa, jicho liende kwenye taa au kipimo kinachothibitisha kwamba kweli imekuwa hivyo. Hilo la jicho ndilo wengi huliruka, na ndilo mtahini analitafuta. Ukimaliza mzunguko mzima kwa kumbukumbu, ndipo usome cheklisti. Cheklisti ni ya kukagua kazi iliyokwisha kufanyika. Anayeisoma huku akifanya kazi hana tena kitu cha kumkagua. Dakika 20 asubuhi na 20 jioni zinashinda saa tatu za Jumapili.

Mifumo ya ndege isome mwisho, kwa swali moja kila mara: hiki kikifa, nakosa nini? Jenereta ya kushoto ikifa, ni vipimo vipi vinazimika, na nini kinachukua nafasi yake chenyewe bila mimi kugusa kitu? Anayesoma hivyo hujibu mtihani wa kuandika bila shida, na kwenye simuleta anajua kwa nini anabonyeza anachobonyeza.

Simuleta inanishinda kwenye jambo moja: injini ikizimwa baada ya V1 (mwendo ambao ukishaupita huwezi tena kughairi kuruka), naipoteza njia, na mkufunzi anasema naharakisha. Naharakisha nini? — Msomaji, Entebbe

Unaharakisha mikono, na sekunde hizo ni za miguu. Injini inapokufa pua huvutwa upande wa injini hiyo. Kanyaga pedali ya upande wa pili huku macho yako yakiwa mwisho wa njia, uongeze mpaka pua iache kusogea, kisha uirudishe kwenye mstari wa kati na ushikilie. Usukani wa mkono ubaki karibu na katikati. Ukiuzungusha sana, spoila za juu ya bawa zitainuka na kula mnyanyuko ambao sasa ni wa thamani.

Ukifika VR, mwendo wa kuinua pua, inua pua taratibu kidogo kuliko ulivyozoea na injini mbili, na uiishie kwenye digrii zilizoandikwa kwenye mwongozo. Anayeinua kwa mazoea huikuta ndege chini ya V2, mwendo salama wa kupanda kwa injini moja, muda mfupi baadaye, kisha anashusha pua ili kuufukuza mwendo, na hapo safari nzima inakuwa ya kuyumba. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha: magurudumu yakiacha lami, unahitaji kuongeza pedali kidogo, kwa sababu matairi yaliyokuwa yakikusaidia kushika mwelekeo hayapo tena. Ndiyo maana wengi hukimbia vizuri njiani, halafu ndege inaondoka kando mara tu ikipaa.

Mwenzako atatamka kwamba ndege inapanda. Agiza magurudumu yakunjwe. Shika mwendo kati ya V2 na V2 kuongeza 10. Baada ya hapo tulia. Mashirika mengi hayaruhusu mtu kugusa wenzo wala swichi ya injini kabla ya futi 400 juu ya uwanja, ambazo kwa Entebbe ni karibu futi 4,200 kwenye altimita yenye QNH, yaani shinikizo la hewa lililorekebishwa hadi usawa wa bahari. Ukifika hapo ndipo mtambue pamoja injini ipi imekufa. Mguu usiokanyaga uko upande wa injini iliyokufa, lakini huo ni ushahidi wa kwanza tu; unaofuata ni vipimo, na vyote visomwe kwa sauti. Kisha: anayerusha anaweka mkono kwenye wenzo na kuutaja, anayefuatilia anaangalia mkono uko wapi na kuthibitisha, ndipo wenzo unarudishwa. Utaratibu ni uleule kwa swichi ya mafuta na kwa kishikio cha moto.

Tunalikazia hili kwa sababu ya ndege ya TransAsia, ATR 72-600, iliyoanguka Taipei tarehe 4 Februari 2015. Muda mfupi baada ya kuruka, mfumo ulilaza panga za injini ya pili, yaani ulizigeuza zisivute tena. Kapteni akarudisha wenzo wa injini ya kwanza, iliyokuwa nzima, hatimaye ikazimwa. Watu 43 walikufa. Ndege ile ingeweza kupanda kwa injini moja. Kilichokosekana ni ule ukaguzi wa watu wawili kabla ya mkono kusogea.

Kama unafanya mafunzo ya CRJ900, utaona mvuto wa kando ni mdogo kuliko wa ATR au Dash 8, kwa sababu injini ziko mkiani karibu na kiwiliwili na hakuna panga. Mdogo, lakini upo, na udogo wake huwafanya wengine wachelewe kukanyaga.

Uliuliza pia, chini ya barua, kuhusu kughairi kuruka. Kabla ya noti 80, yaani maili 80 za baharini kwa saa (baadhi ya kampuni huweka 100), simama kwa karibu hitilafu yoyote. Baada ya hapo, sababu zinabaki nne: moto, injini kufa, onyo la upepo wa kubadilika ghafla, au dalili kwamba ndege haitaruka. Taa ya tahadhari ya mlango wa mizigo kwenye noti 120 ni jambo la kushughulikia ukiwa hewani.

Njia ya 17/35 ya Entebbe ina mita 3,658. Mbona tunasumbuka kuhesabu uzito wa kurukia, na mbona mchana wa jua uzito unaoruhusiwa unashuka? — Msomaji, Wakiso

Kwa sababu urefu wa lami ni kizuizi kimoja kati ya kadhaa, na Entebbe mara nyingi si hicho kinachokubana.

Fanya hesabu hii kwa karatasi. Hewa ya kawaida huwa na digrii 15 usawa wa bahari na hupoa digrii 2 hivi kwa kila futi 1,000. Kwenye futi 3,782 ilipaswa kuwa digrii 7.4. Saa 8 mchana kipimajoto kinasoma 28. Umezidi kwa digrii 20.6. Zidisha kwa 120, yaani futi 120 kwa kila digrii, unapata karibu futi 2,470. Jumlisha na mwinuko wa uwanja: kwa QNH ya 1013, ndege yako iko futi 6,250 kwa habari ya hewa, ingawa magurudumu yako yako futi 3,782.

Sasa angalia matokeo. Injini inavuta hewa nyepesi, nguvu inapungua. Na sheria inataka ndege ya injini mbili, ikibaki na moja baada ya magurudumu kukunjwa, iweze kupanda kwa mteremko usiopungua asilimia 2.4. Kwa mwendo wa noti 150 hiyo ni kama futi 365 kwa dakika, kiasi kidogo mno. Lami hata ingefika Kampala, haiongezi futi moja kwenye kupanda huko. Kinachoongeza ni kupunguza uzito, au kuchagua flapsi ndogo na kukimbia zaidi njiani. Hapo urefu wa Entebbe ndipo unakufaa.

Kutua nako kuna deni lake. Katika hewa ya futi 6,250 mwendo halisi unazidi unaousoma kwa karibu asilimia 10. Kioo kinasema 135, ardhi inapita chini kwa 148 bila upepo wowote. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huenda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo inaongezeka asilimia 20. Breki zilizomeza hivyo zinahitaji muda wa kupoa kabla ya kuruka tena, na hapo ndipo dakika 35 za kuiandaa ndege kwa safari inayofuata zinapogeuka kuwa tatizo. Soma jedwali la kupoza breki kabla mhudumu wa ratiba hajakuuliza kwa nini mmechelewa.

Natoka Caravan. Kwenye jeti kila mara najikuta juu sana au kasi sana nikikaribia uwanja. Kuna kanuni rahisi? — Msomaji, Kajjansi

Ipo, na kosa lako ni la kila aliyetoka ndege ya panga. Caravan ukirudisha wenzo, lile panga kubwa linaikamata hewa na mwendo unakufa. Jeti ukirudisha wenzo inaendelea kuteleza. Inaweza kushuka, au inaweza kupunguza mwendo; kuitaka ifanye yote mawili kwa pamoja ni kuiomba kitu isichonacho.

Hesabu: chukua kimo cha kupoteza kwa maelfu ya futi, zidisha kwa 3, ongeza maili 10 za kupunguza mwendo. Kutoka futi 28,000 kwenda Entebbe usizidishe 28. Toa kwanza mwinuko wa uwanja: 28 toa 4 ni 24, mara 3 ni 72, na 10, unaanza kushuka maili 82 kabla. Upepo wa nyuma ukiwepo, ongeza maili 1 au 2 kwa kila noti 10. Kasi ya kushuka kwenye mteremko wa digrii 3 ni mwendo wa ardhini mara 5: noti 140 ni futi 700 kwa dakika. Kila unapopita futi 10,000 rudia hesabu kwa sauti, kwa sababu mwongozaji wa ndege aliye ardhini akikupa njia ya mkato ya maili 15, mpango wako wa awali umekwisha. Njia ya mkato unaweza kuikataa kwa heshima. Wengi huipokea kwa haya tu, kisha wanaipigania hadi mwisho.

Lango lako, mahali ambapo ndege lazima iwe imetulia tayari kutua, ni futi 1,000 juu ya uwanja ukiwa ndani ya mawingu, 500 kukiwa kweupe. Kwa Entebbe, kwenye altimita, hizo ni karibu 4,800 na 4,300. Ziandike kwenye karatasi yako kabla ya kuanza kushuka, usizitafute ukiwa pale. Hapo langoni: magurudumu chini, flapsi za kutua, cheklisti imekwisha, mwendo hauko chini ya Vref (mwendo wa kukaribia kutua) wala haujazidi Vref kuongeza 20, kushuka hakuzidi futi 1,000 kwa dakika, na nguvu ya injini imetulia mahali pake. Wenzo ukiwa bado umerudishwa kabisa nyuma, hujatulia, hata kama mwendo unasomeka vizuri. Kimoja kikikosekana, paa tena.

Usiku, ukija njia ya 35 kutoka upande wa ziwa, chini ni giza tupu na taa zote ziko mbele. Jicho hudanganyika kwamba uko juu, mkono unashusha pua. Usiliamini jicho, amini taa za PAPI, zilizo kando ya njia kukuonyesha kama uko juu au chini ya mteremko, na hesabu ya futi 300 kwa maili: maili 3 kabla ya njia unapaswa kusoma karibu 4,700.

Rada inaonyesha kijani, tunapita, na tunapigwa vibaya. Rada imeharibika? — Msomaji, Entebbe

Haijaharibika, ndugu. Inaangalia mahali pasipofaa.

Sehemu ya wingu la radi inayorudisha mawimbi ya rada vizuri ni ile yenye maji ya mvua, iliyo chini ya mstari wa kuganda. Hapa kwenye ikweta mstari huo uko karibu futi 16,000. Juu yake ni barafu kavu, ambayo rada inaiona hafifu. Ukiwa futi 28,000 na mwali umeelekezwa mbele sawasawa, unachungulia kichwa cha wingu, na kichwa kinaonekana kijani ilhali kifua ni chekundu.

Inamisha mwali. Digrii 1 ni sawa na futi 100 kwa kila maili. Wingu liko maili 40 mbele. Unataka kufika futi 16,000, yaani 12,000 chini yako. Gawanya 12,000 kwa 40 upate 300, ambazo ni digrii 3 chini. Wingu likiwa maili 80, ni digrii 1 na nusu. Kila unapolikaribia badilisha, na usiiache rada kwenye mwelekeo mmoja safari nzima. Jambo la pili ni kivuli: ukiona mvua nzito na nyuma yake kioo cheusi kabisa, bila hata mwangwi wa ardhi au visiwa, usidhani huko ni kweupe. Mvua ya mbele imeumeza mwali wote. Usielekeze pua kwenye kivuli hicho hata kidogo.

Seli kali zipitie kwa umbali wa maili 20, na upande unaotoka upepo, kwa sababu mtikisiko na mvua ya mawe hutupwa upande wa pili. Na uyajue mawingu ya Victoria. Usiku upepo wa nchi kavu hushuka kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa. Hapo radi huzaliwa usiku wa manane, kisha pepo za mashariki huzisukuma kuja pwani ya magharibi na kaskazini-magharibi, ambako Entebbe iko. Ndiyo maana safari ya alfajiri inastahili mafuta ya kusubiri kuliko ya saa 5 asubuhi. Uwanja wako wa mbadala upime pia: kutoka Entebbe, Mwanza ni karibu maili 150, Kigali 185, Nairobi 280, na Mwanza iko kwenye ziwa lilelile.

Naomba njia ya haraka ya kusoma saa za TAF. Nazichanganya. — Msomaji, Gulu

TAF, utabiri wa hali ya hewa wa uwanja, hutumia UTC, saa moja ya dunia nzima, na sisi tuko saa 3 mbele. Kwa saa yetu ya Kiswahili: mchana ongeza 3, usiku ongeza 15. Saa 1 asubuhi ni 04 UTC. Saa 9 usiku, 9 na 15 ni 24, yaani 00. Kwa hiyo TEMPO 0303/0307 TSRA ni tarehe 3, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4, radi na mvua za vipindi, kila kipindi chini ya saa moja na vyote kwa jumla chini ya nusu ya muda huo. Angalia tarehe hasa ukiruka kabla ya saa 9 usiku: kwetu ni siku mpya, kwenye UTC bado ni jana.

Kapteni wangu ana umri wa baba yangu. Akikosea namwambiaje? Nimelelewa kutomkosoa mzee mbele ya watu. — Msomaji, Mbale

Tumeisoma barua hii mara kadhaa, kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote. Adabu uliyolelewa nayo ni nzuri na usiitupe. Msalimie kapteni kama mzee wako, mbebee begi ukipenda. Lakini ndani ya chumba cha rubani heshima yake kubwa kwako ni kukutegemea umwambie asichokiona. Kapteni anayejua kazi anakaa akingoja sauti yako, na ukinyamaza anaamini kwamba hakuna tatizo.

Tumia ngazi, na uzipande haraka. Kwanza taja kipimo, bila hukumu: mwendo ni Vref toa 5. Kutaja kipimo si kumkosoa mtu. Asipojibu au asiporekebisha, pendekeza hatua, ukianza na cheo chake: Kapteni, tuongeze nguvu. Bado? Tamka kwamba hali si salama na taja la kufanya: Kapteni, hatujatulia, tupae tena. Mashirika mengi yana kanuni kwamba matamshi mawili yasiyojibiwa ni dalili ya rubani kupoteza uwezo, na wa pili anachukua ndege. Futi 500 juu ya ardhi, kwa kushuka futi 1,000 kwa dakika, una sekunde 30. Ngazi zote tatu ziishe ndani ya sekunde 10.

Na semeni mapema. Kwenye kikao cha kabla ya safari mwambie: Kapteni, nikiona tofauti nitataja kipimo. Hakuna mzee anayekataa hilo akiwa mezani na chai yake, na ukija kusema angani utakuwa unatimiza mlichokubaliana.

Barua yako imetukumbusha safari ya Kenya Airways 507, Boeing 737-800 iliyoanguka Douala tarehe 5 Mei 2007, muda mfupi baada ya kuruka usiku kwenye hali mbaya ya hewa. Watu wote 114 walikufa. Kapteni aliagiza otopailoti, haikuwashwa, na hakuna aliyehakiki. Ndege ikaanza kulala kulia taratibu, bila mtu kuirusha, hadi onyo la mlalo lilipolia. Marekebisho yaliyofuata yalizidisha mlalo. Wachunguzi walitaja wazi uratibu mbovu kati ya wale marubani wawili. Kuna zoezi la kila siku linalotokana na mkasa ule: kila otopailoti au modi inapoagizwa, soma kwa sauti kile kilichoandikwa juu ya kioo chako. Usisome kitufe kilichobonyezwa. Kitufe kinaonyesha ulichoomba. Kioo kinaonyesha ulichopewa. Hii unaweza kuifanya kesho, hata na kapteni mkali, kwa sababu ni utaratibu wa kawaida wa kazi na hakuna wa kuuchukulia kama ukosoaji.

Kwa nini tufunike mirija ya pitot, ile inayopima mwendo wa hewa, hata kwa kusimama saa mbili? — Msomaji, Arua

Nyigu. Nyigu wa matope huhitaji muda mfupi tu kujaza mrija, na viwanja vyetu vya nyasi na udongo wanavipenda. Vifuniko viwe na utepe mwekundu mrefu, na unapozunguka ndege hesabu vifuniko ulivyotoa mkononi. Wakati wa kukimbia njiani, vipimo vyote vya mwendo vilinganishwe kwenye noti 80, visipolingana, simama. Kama imegundulika ukiwa tayari hewani, achana na mwendo: weka digrii za pua na nguvu ya injini zilizo kwenye jedwali la mwongozo, kisha ndipo ufungue kitabu.

Nina saa 600 za kiti cha kulia cha Caravan. Zote zitahesabiwa nikiomba leseni ya ATPL, ile ya juu ya rubani wa ndege za mashirika? — Msomaji, Kampala

Usizihesabu zote kabla ya kuuliza. Kiambatisho cha 1 cha ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kinatenganisha ndege mbili. Ndege iliyothibitishwa kwa marubani wawili, kama CRJ au ATR, saa zako za rubani msaidizi huingia zote kwenye jumla. Ndege iliyothibitishwa kwa rubani mmoja, na Caravan ni hiyo, lakini nchi inadai awepo msaidizi, hupewi zaidi ya nusu: kwa saa 600 ni 300. Nchi inaweza kukubali zote kama ndege ina vifaa vya rubani wa pili na inaendeshwa kwa utaratibu wa marubani wawili. Kama msaidizi alikuwa ni chaguo la kampuni tu, bila kudaiwa na mamlaka, tarajia maswali zaidi.

Andika barua kwa idara ya leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, uambatishe ukurasa wa mwongozo wa kampuni unaoonyesha kwamba msaidizi anatakiwa na kazi zake ni zipi. Kwenye logibuku saa hizo ziwe kwenye safu yake, zisichanganywe na saa za kuamuru ndege wala za simuleta, ambazo ziandikwe peke yake. Jumla inayotakiwa ni saa 1,500, na ndani yake ziwemo 200 za safari za mbali, 75 za kuruka kwa vipimo na 100 za usiku. Hizo za usiku zianze kutafutwa sasa, kwa sababu Caravan za kitalii huruka mchana, na ndizo zinazowakwamisha wengi wakati jumla imeshatimia.